Shimo la Machimbo Lililojaa Maji: Tulifukie au Tulihifadhi?

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kila barabara inayojengwa wilayani huacha nyuma yake kitu ambacho hakitajwi siku ya uzinduzi: shimo. Kifusi kilichoinua tuta la barabara kilichimbwa mahali fulani. Kokoto zilipasuliwa kwenye kilima fulani. Udongo wa kufyatulia matofali ya zahanati ulitolewa kwenye bonde fulani. Mkandarasi akikabidhi kazi na mitambo ikaondoka, masika huja na kulijaza shimo lile. Mwaka wa kwanza huonekana tope tu. Mwaka wa pili manyasi na matete huota pembezoni. Mwaka wa tatu vyura hulia humo usiku, yangeyange hutua asubuhi, na wachungaji huelekeza makundi yao huko wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo mjadala huanza kijijini. Mzazi husema shimo lifukiwe kabla halijachukua mtoto. Mfugaji husema maji hayo ndiyo yanayomvusha Septemba na Oktoba. Mama mwenye bustani ya mchicha husema tangu shimo lijae, ndoo anazichota hatua chache kutoka kwenye matuta yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii huuliza habari za mbu. Wote wana hoja, na hakuna hata mmoja kati yao anayepaswa kupuuzwa.

Makala haya yanaeleza namna ya kulifikia jibu. Kwa ufupi, si kila shimo linafaa kufukiwa, na si kila shimo linafaa kuachwa. Hukumu hutegemea mambo matatu: kilichochimbwa humo, umbo la shimo lenyewe, na kuwapo kwa mtu au chombo kinachowajibika nalo. Na wakati ulio bora wa kuamua ni kabla katapila halijaondoka.

Ardhi oevu, hata ikiwa ya kuchimbwa

Watu wengi wakisikia maneno "ardhi oevu" hufikiria Bonde la Kilombero au mabwawa ya Malagarasi. Ni kweli, hayo ni miongoni mwa maeneo manne ya Tanzania yaliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuhusu Ardhi Oevu, pamoja na Ziwa Natron na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Mkataba huo ulitiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, na ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Ardhi Oevu Duniani. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba tafsiri ya ardhi oevu katika mkataba huo haiishii kwenye maeneo ya asili. Inataja maji ya asili na ya kutengenezwa na binadamu, ya kudumu na ya msimu, yaliyotuama na yanayotiririka. Katika mgawanyo wa aina za ardhi oevu, lipo kundi zima la zile zilizotengenezwa na binadamu, na ndani yake yametajwa mashimo ya kokoto, ya udongo wa matofali, ya kifusi, na mabwawa ya machimbo ya madini. Kwa hiyo shimo lililojaa maji na kuota matete pembeni ya kijiji lina nafasi yake katika orodha ya dunia, ingawa mwenye shamba huliona kuwa ni mabaki ya kazi tu.

Historia nayo inatufundisha kwamba shimo likipewa muda wa kutosha linaweza kusahaulika kabisa kuwa lilikuwa shimo. Mashariki mwa Uingereza kuna mabwawa mapana yaitwayo Broads, ambayo wenyeji na wataalamu waliyachukulia kwa muda mrefu kuwa ni maziwa ya asili. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alipochunguza matabaka ya udongo alikuta kingo za chini ya maji zikiwa zimesimama wima, kama zilivyokatwa kwa jembe. Yalikuwa machimbo ya Enzi za Kati, ambamo watu walichimba udongo wa kinamasi, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni. Maji yalipopanda, machimbo yakafurika. Leo mabwawa hayo ni miongoni mwa maeneo ya ardhi oevu yanayolindwa zaidi nchini humo.

Maji hukaaje shimoni?

Kabla ya kuamua lolote ni vema kujua maji ya shimo letu yanatoka wapi, kwa sababu jibu hilo hubadilisha uamuzi.

Yapo mashimo yaliyochimbwa hadi kuyafikia maji ya chini ya ardhi. Haya hujaa hata bila mvua kubwa, na kina chake hupanda na kushuka taratibu pamoja na visima vya jirani. Yapo pia mashimo ambayo sakafu yake ni mfinyanzi, au imeshindiliwa na magurudumu ya mitambo hata maji hayapenyi. Haya hujazwa na maji yanayotiririka juu ya ardhi wakati wa mvua, na hupungua haraka jua linapokuwa kali.

Mwananchi anaweza kulitambua shimo lake bila chombo chochote. Achomeke mti wenye alama kandokando ya maji mwishoni mwa masika, kisha aangalie kila wiki mbili hadi kiangazi kikolee. Maji yakishuka polepole na kutulia, yaelekea shimo limeungana na maji ya chini. Yakikauka hadi nyufa, ni maji ya mvua.

Tofauti hii ni kubwa. Shimo lililoungana na maji ya chini ni kama kisima kikubwa kisicho na mfuniko: chochote kinachotupwa humo, iwe mafuta ya gari, chupa za dawa za mifugo au taka za sokoni, kinaweza kusafiri hadi kwenye visima vya kaya zilizo jirani. Shimo la namna hiyo lisigeuzwe dampo hata kwa siku moja, na pia lisifukiwe kwa taka kwa kisingizio cha "kusawazisha eneo".

Faida ambazo hazionekani haraka

Ardhi oevu iliyokomaa hufanya kazi ambayo vinginevyo halmashauri ingelazimika kuilipia. Mvua kubwa ikinyesha, hupokea maji na kuyaachia pole pole, hivyo hupunguza kasi ya mafuriko kwenye makalavati na mashamba ya chini. Matete na mafunjo hupunguza mwendo wa maji, mchanga na tope vikatuama hapo badala ya kujaza mto. Sehemu ya maji hupenya ardhini na kuongeza akiba ya visima. Majani ya pembezoni hubaki mabichi wakati malisho mengine yamekauka. Mimea ya maji hutoa maua kwa nyuki. Samaki, vyura, kereng'ende, mdiria na korongo hupata makazi, na shule ya msingi iliyo jirani hupata darasa la sayansi lisilohitaji vifaa.

Ipo faida nyingine, nayo inahusu vyanzo vya asili. Mifugo ikipata maji kwenye shimo lililotunzwa, chemchemi inayotegemewa kwa maji ya kunywa hupumzika.

Hata hivyo ni lazima tuseme wazi: ardhi oevu ya machimbo haichukui nafasi ya ile ya asili. Kinamasi cha asili kimejengeka kwa karne nyingi, na bwawa la kifusi lenye umri wa miaka kumi haliwezi kuwa na mimea, udongo na viumbe vya kiwango hicho. Asije mtu akakausha kinamasi cha kijiji kwa hoja kwamba kuna shimo jipya upande wa pili wa barabara.

Hatari nne zisizofumbiwa macho

Ya kwanza ni kuzama. Shimo la machimbo ni hatari kuliko mto au ziwa kwa sababu kingo zake zimekatwa wima. Mtoto akiteleza hapati mahali pa kukanyaga wala cha kushika, na mfinyanzi ulioloa huteleza kama sabuni. Maji yaliyotulia hayaonyeshi kina chake. Mzazi anayedai shimo lifukiwe anaiona hatari hii kwa usahihi kabisa, na mpango wowote wa kuhifadhi usioanza na usalama wa watoto haustahili kupitishwa.

Ya pili ni mbu. Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu si kila maji huzalisha mbu kwa kiwango kimoja. Mbu wa malaria aina ya Anofelesi gambiae hupenda vidimbwi vidogo vya muda, vyenye jua, visivyo na mimea wala samaki: alama za matairi, visima vya matofali, na nyayo za ng'ombe. Bwawa lenye kina na samaki huwa na maadui wengi wa viluwiluwi vya mbu, lakini ukingo wake uliokanyagwa na mifugo huwa na mamia ya vidimbwi vya kwato. Tena yupo mbu mwingine wa malaria, Anofelesi funestasi, anayependelea maji ya kudumu yenye mimea. Kwa hiyo shimo lililohifadhiwa linahitaji mambo mawili: mifugo isinywe ukingoni, na wataalamu wa afya walikague mara kwa mara. Pale inapobidi, hunyunyiziwa viuadudu vya kibaiolojia, kama vile vinavyozalishwa katika kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani.

Ya tatu ni kichocho. Ugonjwa huu huenezwa na konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotuama yenye mimea. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huanguliwa, huingia kwenye konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote anayeoga, kufua au kuvua akiwa amesimama majini. Pasipo na choo karibu na bwawa, na pasipo utaratibu wa kuzuia kuogelea, faida ya bwawa huishia kwenye dirisha la dawa.

Ya nne ni sumu, na hii ndiyo isiyoonekana. Mashimo ya mchanga, kokoto, mfinyanzi na mawe ya chokaa kwa kawaida hayana tatizo hili. Lakini mawe yenye dhahabu, shaba au makaa ya mawe mara nyingi huwa na madini ya salfa. Madini hayo yakikutana na hewa na maji hutengeneza asidi, nayo asidi huyeyusha metali nzito kutoka kwenye miamba. Katika mji wa Butte, jimbo la Montana nchini Marekani, mgodi mkubwa wa wazi wa shaba uitwao Berkeley Pit ulianza kujaa maji baada ya pampu kuzimwa mwaka 1982. Ukageuka ziwa la asidi. Mwaka 1995 kundi la mabata bukini wa theluji lilitua humo likiwa safarini, na zaidi ya 300 kati yao wakafa. Kwa macho ya ndege, lilikuwa ziwa kama maziwa mengine.

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu iko pia hatari ya zebaki. Zebaki inayomwagwa wakati wa uchenjuaji hutuama kwenye tope. Ndani ya tope la ardhi oevu, bakteria huibadilisha kuwa aina yenye sumu kali zaidi, ambayo hujikusanya katika miili ya samaki, hasa samaki wanaokula samaki wenzao. Matete yanaweza kuota vizuri na ndege wakatua, na bado samaki wa bwawa hilo wasifae kuliwa. Kwa sababu hiyo, mashimo ya dhahabu hayawekewi samaki wala kuchotwa maji ya matumizi kabla maji na tope havijapimwa maabara.

Somo la Bamburi

Mfano bora ulio karibu nasi uko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji hapo mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, palikuwa na uwanja mpana wa mawe meupe usio na udongo wala kivuli, wenye maji ya chumvichumvi karibu na sakafu yake.

Mwaka 1971 kiwanda kilimkabidhi kazi ya kulirejesha eneo hilo mtaalamu wake wa kilimo, René Haller, raia wa Uswisi. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizostahimili: mvinje, mnazi, na mti uitwao damas ambao asili yake ni nchi kavu za pembe ya Afrika. Mvinje ndio uliobeba kazi nzito zaidi, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, hivyo huweza kukua mahali pasipo na rutuba.

Lakini miti peke yake haikutengeneza udongo. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza. Haller akagundua kwamba majongoo wakubwa wenye miguu myekundu huyala. Majongoo wakakusanywa na kuachiwa chini ya miti. Kinyesi chao kikawa ndio mwanzo wa udongo wenye rutuba. Mahali ambapo uchimbaji ulikuwa umeteremka hadi chini ya usawa wa maji, yalijitokeza mabwawa. Yakafugwa samaki aina ya perege, wakaja ndege, na baadaye wakaletwa wanyama wakubwa. Mwaka 1984 eneo lilifunguliwa kwa umma, na leo linajulikana kama Haller Park. Wasomaji wengi watamkumbuka Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi mwezi Desemba 2004 baada ya mawimbi ya tsunami. Bamburi ndiko alikopelekwa, akafanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee.

Tukiweka kando kiboko na kobe, yapo mambo matatu ya kujifunza. Mosi, kazi ilifuata mpangilio: mimea inayostahimili kwanza, udongo wa pili, wanyama mwisho. Hakuna aliyemwaga vifaranga vya samaki siku ya kwanza na kuita hiyo hifadhi. Pili, ilichukua miaka, na katika miaka hiyo yote alikuwapo mtu mwenye kazi hiyo kwenye mkataba wake wa ajira. Tatu, mwenye kuchimba ndiye aliyerejesha. Kiwanda hakikuondoka na kukiachia kijiji mzigo.

Jambo la tatu ndilo linalotutofautisha. Kiwanda cha saruji hukaa mahali pamoja kwa miongo mingi. Mkandarasi wa barabara hukaa miezi michache na kuhama. Ndiyo maana kwetu uamuzi unapaswa kufanywa mapema.

Maswali matano ya kulihukumu shimo

Kijiji kinapojadili hatima ya shimo, tunashauri kamati ya mazingira ijibu maswali haya kwa maandishi.

1. Kilichimbwa nini? Kama ni mchanga, kokoto, kifusi au mfinyanzi, mjadala uendelee. Kama ni dhahabu au madini mengine ya metali au makaa ya mawe, mjadala usimame hadi maji yapimwe. Maji yenye rangi ya kutu, au maangavu mno yasiyo na kiumbe chochote ndani yake, ni dalili mbaya.

2. Liko umbali gani na makazi, shule na njia za watoto? Shimo lililo ukutani mwa shule lifukiwe, hata liwe na ndege wa aina gani.

3. Maji hukaa muda gani? Shimo linalokauka baada ya wiki chache huwa na madhara mengi kuliko faida: halina samaki wa kula viluwiluwi, na halina maji wakati yanapohitajika.

4. Je, kingo zinaweza kulazwa? Kama mwamba ni mgumu na hapana nafasi ya kuteremsha ukingo, lililobaki ni kulizungushia uzio imara au kulifukia.

5. Nani atalitunza? Kama hakuna jina la kamati, kikundi au mwenye ardhi litakaloandikwa hapa, jibu la maswali manne yaliyotangulia halitoshi.

Shimo lililofaulu maswali yote matano lina sifa ya kuhifadhiwa. Lililoshindwa lolote lisilorekebishika lifukiwe kwa udongo safi na kupandwa miti.

Namna ya kuligeuza shimo kuwa ardhi oevu salama

Kazi kubwa ni ya mtambo, nayo huchukua siku chache ikiwa mtambo bado upo. Kingo hulazwa ili kila mita moja ya kina iwe na mita tatu au zaidi za mteremko. Mteremko huo hufanya mambo mawili kwa pamoja: humwezesha mtoto au ndama aliyeteleza kupanda, na huipa mimea ya majini ukanda wa maji mafupi wa kuota. Sakafu isiwe tambarare yote. Sehemu moja ibaki na kina ili samaki waokoke kiangazi, na sehemu nyingine ziwe za maji mafupi kwa ajili ya matete na ndege.

Udongo wa juu ulioondolewa mwanzoni mwa uchimbaji una mbegu na rutuba. Urundikwe pembeni, usiuzwe, na urudishwe kwenye kingo kazi inapokwisha. Mara nyingi hatua hii moja hutosha kuanzisha uoto bila kununua mche hata mmoja. Inapobidi kupanda, zichukuliwe mbegu na vipandikizi kutoka vinamasi vya jirani. Gugu maji lisiletwe kwa hali yoyote, hata kama maua yake yanapendeza. Taabu liliyoleta Ziwa Victoria inatutosha. Samaki nao wapandikizwe kwa ushauri wa Afisa Uvuvi, na wawe wa aina iliyopo katika bonde letu.

Maji ya mifugo yapelekwe nje ya bwawa kwa bomba au mfereji hadi kwenye birika la kunyweshea lenye sakafu ya mawe. Ukingo uzungushiwe wigo wa miti au mkonge, ukiwa na lango moja. Choo kijengwe, kikiwa mbali na upande wenye visima. Ubao wa tahadhari uwekwe, uonyeshe kina cha maji na kukataza kuogelea.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri hifadhi ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto, na bwawa la maji. Shimo la machimbo halikutajwa kwa jina lake. Ndiyo maana sheria ndogo za vijiji zina umuhimu wa pekee. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo na kuziwasilisha kwenye Halmashauri ya Wilaya ili ziidhinishwe. Kijiji kinachotaka kulinda bwawa lake kinaweza kuweka mipaka yake, kukataza utupaji taka, na kupanga faini.

Kuhusu wachimbaji, mchanga na kokoto ni madini ya ujenzi na huhitaji leseni kutoka Tume ya Madini kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Wachimbaji wadogo wana wajibu wa kuwa na mpango wa utunzaji wa mazingira, na migodi mikubwa ina wajibu wa kuwa na mpango wa ufungaji wa mgodi. Matumizi ya maji ya bwawa kwa umwagiliaji wa kibiashara yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde.

Mikataba ya ujenzi wa barabara kwa kawaida huwa na kipengele cha kurejesha mashimo ya kifusi. Hapa ndipo tunapowaomba wananchi wawe macho. Hutokea kwamba mwishoni mwa mradi mwenye shamba huletewa karatasi isemayo ameomba mwenyewe shimo liachwe ili liwe lambo. Akitia saini, mtambo huondoka siku ileile, na wajibu wote hubaki kwake: kingo zilizokatwa wima, watoto wa majirani, na mbu. Ombi la kuachiwa lambo si kosa, na lambo zuri ni mali. Lakini karatasi hiyo isitiwe saini kabla ya Afisa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Mazingira kufika shimoni, na kabla ya mkandarasi kulaza kingo na kurudisha udongo wa juu. Baada ya hapo itakuwa vigumu sana kumpata.

Mwananchi afanye nini?

Kama lipo shimo lililojaa maji katika kijiji chako, hatua ni hizi. Toa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ukieleza mahali lilipo, nani alichimba, na lini. Omba suala hilo liingizwe kwenye ajenda ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano ujibu maswali matano yaliyotajwa hapo juu. Maazimio yapelekwe kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kwa Mheshimiwa Diwani, kisha yafike kwenye halmashauri, ambako wataalamu wa mazingira, maji, mifugo, uvuvi na afya wanaweza kutoa ushauri kwa pamoja. Ushauri huo ni haki ya mwananchi.

Kama machimbo bado yanaendelea, usisubiri yafike mwisho. Uliza leo mpango wa urejeshaji ukoje, udongo wa juu umerundikwa wapi, na kingo zitalazwa lini. Mtambo ukiwa bado shimoni, kulaza ukingo ni kazi ya siku chache. Ukishaondoka, kijiji kitabaki na majembe, na masika hayasubiri.